Samaki wa Ziwani, Mboga za Mlimani

Septemba 1996 jarida la madaktari la The Lancet lilichapa makala kuhusu wanavijiji wa Ludewa. Wakati huo Ludewa ilikuwa wilaya ya mwisho kabisa ya Mkoa wa Iringa, kule ambako mtumishi wa serikali akipangiwa kituo jamaa zake humpa pole. Walioandika walikuwa madaktari na wataalamu wa maabara, wengi wao wa Italia, wakiongozwa na Paolo Pauletto wa Chuo Kikuu cha Padova, na utafiti wao wakaupa jina la kijiji cha milimani: Lugalawa. Hati za serikali huandika Lugarawa, nami nitafuata hivyo.

Swali lao lilielezeka kwa maneno machache. Wilaya ile ina watu wa namna mbili waliotenganishwa na mteremko mkali. Chini, kando ya Ziwa Nyasa, samaki huliwa karibu kila siku, gramu 300 hadi 600 kwa mtu, kiasi ambacho hata mla samaki wa Pwani angekiheshimu. Juu, kwenye vilima vya Lugarawa, chakula ni ugali, maharage na mboga za majani, na nyama ni ya sikukuu. Wote ni Wabantu, wote walizaliwa na kukulia mbali na mji. Je, samaki wa maisha yote ameacha alama gani kwenye damu ya huyu, ambayo haimo kwenye damu ya yule?

Walipimwa watu zaidi ya 1,200. Majibu yalikwenda kinyume na mahubiri ya wakati ule. Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshazoea kusikia kwamba aliyeacha vitoweo akabaki na mboga ndiye mwenye mishipa safi. Ludewa ilisema vingine. Kwa wala samaki, wenye presha ya kupanda walikuwa chini ya 3 katika kila 100. Kwa wala mboga walifika kama 16 katika kila 100. Lehemu ilikuwa chini zaidi ziwani, na mafuta mengine ya damu, yale yaitwayo trigliseridi, nayo hivyo hivyo. Haya yote kwa watu ambao, kwa vipimo vya mjini, hakuna hata kundi moja lililokuwa na lehemu ya kutisha.

Lakini kilichowafanya wataalamu waisome makala ile mara ya pili kilikuwa kipimo kingine. Mwaka 1963 Kåre Berg, mtaalamu wa jenetiki wa Norway, aligundua kwenye damu ya binadamu chembe ya mafuta iliyofungwa na protini ya ajabu, akaiita lipoprotini(a). Ikizidi, huchangia kuziba mishipa ya moyo. Ubaya wake ni kwamba haisikii dawa za kawaida za lehemu wala haijali sana mtu anakula nini: kiasi chake huamuliwa karibu chote na urithi wa wazazi, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo nyingi kuliko Wazungu. Sasa hapa Ludewa, kwa wala samaki, ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko kwa majirani zao wa mlimani. Mtu mwenye shaka angesema labda watu wa ziwani wana urithi tofauti. Mwaka 1999 Santica Marcovina na wenzake walirudia damu zilezile wakapima ukubwa wa protini yenyewe, ambao ndio muhuri wa urithi. Tofauti ilibaki palepale. Walihitimisha kuwa ni samaki.

Nimeifuata njia ya utafiti huo nikianzia Iringa mjini, kwa sababu Waitaliano hawakuanguka kutoka mbinguni. Ukitoka mjini kwa barabara kuu ya Mbeya, mchepuko mfupi unakufikisha Tosamaganga. Wabenediktini wa Kijerumani walijenga misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa, wamisionari wa Konsolata kutoka Torino walishika nafasi yao mwaka 1919. Kanisa, shule, mashine za useremala na hospitali vikazungumza Kitaliano kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1950 ilianzishwa Padova taasisi ya kuandaa madaktari wa kwenda Afrika, CUAMM, na tangu 1968 madaktari wake wamekuwa wakifanya kazi Tanzania, Iringa ikiwa moja ya ngome zao. Kwa hiyo daktari wa Padova kwenye Nyanda za Juu Kusini hakuwa kioja.

Kutoka hapo barabara inapita kwenye misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, inafika Makambako ambako reli ya TAZARA na lami hupishana, kisha unaiacha njia ya Mbeya na kushika kusini. Njombe ni baridi, viazi na chai. Baada ya Itoni ndipo safari ya zamani ilipokuwa ikianza kwa kweli. Madereva wa miaka ile wanaizungumzia barabara ya Ludewa kama watu wanavyozungumzia ugonjwa waliopona: masika gari linalala njiani siku mbili, abiria wanakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Leo kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege kwa sababu lami isingestahimili miteremko na mvua za kule. Mbele yake, Mkiu, unageuka kwenda Lugarawa. Kuna hospitali ya Kanisa Katoliki, jimbo la Njombe, mashamba ya mahindi yaliyong'ang'ania kwenye miteremko, na Wapangwa wenye ardhi yao. Chini ya ardhi hiyohiyo, wilaya ileile, kuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma ambavyo tumeahidiwa tangu nikiwa shuleni.

Ziwa huwezi kuliona ukiwa Lugarawa. Safu ya Livingstone, yenye vilele vinavyopita mita 2,000, inasimama katikati, na upande wa pili ardhi inaporomoka hadi ufukwe ulioko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lupingu, Manda kwenye mdomo wa mto Ruhuhu, na vijiji vya Wakisi wafinyanzi kaskazini zaidi, viliwasiliana na dunia kwa maji kuliko kwa nchi kavu. MV Songea na MV Iringa zilipita zikitokea Itungi, Kyela, kwenda Mbamba Bay, zikiacha barua, sukari na wanafunzi wa bweni. Mwenye haraka alipanda mlima kwa miguu akiwa na mzigo kichwani, na samaki aliyepanda mlima kwa namna hiyo alikuwa amekaushwa, ni wachache, na bei yake si ya kila siku.

Mteremko ule ndio uliowapa Waitaliano maabara yao. Ili ulinganishe watu wawili kwa chakula lazima vyakula vyao visichanganyike kwa miaka mingi, na ili visichanganyike lazima barabara iwe mbovu au fedha ziwe haba. Ludewa ilikuwa na vyote viwili. Wale wa Lugarawa waliitwa wala mboga kwenye makala, lakini hakuna aliyekuwa amekaa akachagua kuacha samaki. Samaki hakumfikia.

Namna hii ya kuwapima majirani wawili ina umri mrefu Afrika Mashariki, na hapo mwanzo haikuangalia mishipa ya damu. Iliangalia miili na ngozi. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapa ripoti ya John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe wa Uskoti, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya. Waliwalinganisha Wamasai, wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wa nafaka na mizizi. Mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Kwa Wakikuyu walikuta upungufu wa damu, meno yaliyooza, mifupa iliyopinda, magonjwa ya kifua, na vidonda vikubwa vya miguuni visivyopona, vile ambavyo wazee wetu wanaviita donda ndugu. Kwa Wamasai donda ndugu lilikuwa adimu. Wao walisumbuliwa zaidi na tumbo kufunga na viungo kuuma.

Hitimisho likawa kwamba Mkikuyu anahitaji maziwa. Orr alikwenda mbali: akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1945, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Lakini mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliifungua tena ripoti ile na kuonyesha kilichokuwa ndani yake ambacho waandishi walikipita. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao, na afya yao haikuwa mbaya kama ya wanaume. Pia wapimaji hawakujiuliza sana kuhusu mashamba yaliyochukuliwa na walowezi, wala kuhusu vijana waliotoka kwenye vibarua wakiwa wamechoka. Waliona kabila na chakula chake, wakadhani wameona asili.

Ninapoyasoma haya mawili pamoja, la 1931 na la 1996, naona mganga wa ngozi na mganga wa moyo wakifanya jambo moja. Kila mmoja anamkuta mtu kwenye mtego wa mazingira yake, anapima sehemu ya mwili anayoijua, anaondoka na jibu linalohusu sehemu hiyo. Katikati yao yumo George Mann, Mmarekani, aliyechapa mwaka 1964 matokeo ya wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika, akakuta lehemu ya chini kwa watu wanaokunywa maziwa kama maji. Miaka minane baadaye alitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliokufa: mafuta yalikuwemo kwenye kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Na mwaka 1970 Wadenmark wawili, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Uummannaq kule Greenland kutoa damu ya wawindaji wanaoishi kwa sili na samaki. Hapo ndipo asidi za mafuta za omega-3 zilipopata umaarufu, na viwanda vya vidonge vya mafuta ya samaki vikapata hadithi ya kuuzia. Baadaye wakosoaji walikumbusha kwamba Bang na Dyerberg hawakuwahi kuhesabu wenyewe wangapi Greenland wanakufa kwa moyo.

Utafiti wa Ludewa una ubora kuliko huo wa Greenland kwa jambo moja muhimu: ulikuwa na jirani wa kulinganisha naye. Na haukuishia kuuliza watu wamekula nini; ulipima asidi za mafuta ndani ya damu na kukuta za samaki zimejaa kweli kwa watu wa ziwani. Mwaka 2002 damu za vijiji vilevile zilitoa makala nyingine, safari hii kwenye Circulation, ikionyesha kuwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuzungumza na ubongo kuhusu shibe, ilikuwa ya chini kwa wala samaki, wake kwa waume, hata baada ya kuzingatia unene.

Hata hivyo ziwa na mlima havitofautiani kwa samaki peke yake. Ufukweni ni joto na mbu. Mlimani ni baridi, na baridi hubana mishipa. Malaria, kama maambukizi mengine mengi, hushusha lehemu ya damu kwa muda, jambo ambalo daktari anayepima mafuta ya damu katika nchi ya joto hana budi kulikumbuka. Mlimani kuna pombe zake, ulanzi na za nafaka, na mvuvi anayevuta wavu usiku anatumia misuli tofauti na mkulima anayepanda na kushuka kilima. Siamini kwamba mambo haya yanatosha kuifuta tofauti ya 3 na 16. Nadhani yanatosha kumfanya mtu asikimbilie duka la dawa. Waitaliano wenyewe waliwahi kuwapa mafuta ya samaki wagonjwa waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, zaidi ya 11,000, katika utafiti wa GISSI uliotoka mwaka 1999, na vifo vilipungua. Lakini utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2018, wenye watu zaidi ya 25,000 wasio na historia ya moyo, haukupata kinga iliyotarajiwa. Kidonge si samaki. Anayekula samaki gramu 400 kila siku tangu utotoni, kuna vitu vingine ambavyo hali.

Milima hiyohiyo ina jalada jingine, na linafaa kusomwa sambamba na lile la Pauletto. Mwaka 1983, serikali ya Italia ikitoa fedha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF pamoja na Kituo cha Chakula na Lishe, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1973, walianzisha Mpango wa Lishe wa Iringa katika vijiji 168. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano alipimwa uzito kwenye Siku ya Afya ya Kijiji, na kadi yake ikaonyesha kama yuko kwenye kijani, kijivu au nyekundu. Kadi haikuishia kliniki. Kamati ya kijiji ilikaa, ikauliza kwa nini mtoto wa fulani amerudi nyuma: ni mama anayetoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, ni uji mwepesi mara mbili kwa siku, ni kuhara, ni baba aliyehama. Mwanzoni watoto 56 katika kila 100 walikuwa na uzito pungufu. Kufikia 1988 wakabaki 38, na wale wa hali mbaya wakashuka kutoka 6 hadi karibu 2.

Mbinu hiyo ya kupima, kuchambua na kutenda, kisha kupima tena, ilitoka Iringa ikazunguka dunia. Mchoro maarufu wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza sababu za utapiamlo, ambao kila mwanafunzi wa lishe hukariri, ulipikwa kwa sehemu kubwa kwenye vijiji hivi. Na kwenye mchoro huo, chini tu ya utapiamlo wenyewe, chakula na maradhi vinakaa upande kwa upande, hakuna kinachomtangulia mwenzake. Mtoto mwenye njaa hushindwa na vijidudu, na mwenye vijidudu hushindwa kula.

Ngozi ni mahali ambapo jambo hilo huonekana bila darubini. Mtoto wa kwashakoo ngozi yake huvimba na kubanduka vipande, na kila kipande kilichobanduka ni mlango. Zamani kulikuwa na buba, ugonjwa wa madonda ya ngozi, iliyopenda zaidi nchi za joto na unyevu kama ufukwe wa Nyasa kuliko vilele vya Ukinga. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilizunguka na sindano za bismathi, na kwa kuwa madonda yalikauka mbele ya macho ya watu ndani ya siku chache, hapo ndipo vijiji vingi vilipoanza kuiamini sindano kiasi ambacho mpaka leo mgonjwa akipewa vidonge vitupu anaona amedhulumiwa. Kisha ikaja penisilini, buba ikatoweka vinywani. Kilichobaki ni upele, mapunye, majipu na funza wa miguuni, magonjwa ambayo hayajengewi wodi wala hayapewi siku ya maadhimisho.

Upele usidharauliwe. Mtoto anajikuna, kucha zinafungua ngozi, bakteria waitwao streptokoki wanaingia, kidonda kinatoa usaha. Wiki chache baadaye kinga ya mwili iliyopigana na bakteria hao inaweza kuvigeukia vichujio vya figo: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa mwekundu, na presha ya mtoto inapanda. Wengi hupona. Wachache figo hazirudi zilivyokuwa. Wanaohesabu mafuta ya damu peke yake wanapotafuta chanzo cha presha kijijini huiacha njia hii nje ya hesabu, wakati inaanzia kwenye blanketi moja la watoto wanne.

Mteremkoni mwa Udzungwa, upande wa Kilombero, watafiti walifanya jaribio ambalo nalipenda kwa unyenyekevu wake. Wanafunzi 224 wa shule za msingi wenye fangasi za ngozi waligawiwa sabuni za namna mbili, moja ikiwa na dawa ya kuua vijidudu, triklosani, nyingine bila dawa, na si mtoto wala mpimaji aliyejua ipi ni ipi. Matokeo yalichapwa mwaka 2007. Sabuni ya dawa haikuishinda sana sabuni tupu, kwa sababu watoto wengi walipata nafuu kwa zote mbili. Walichokuwa wamekosa ni kuoga kwa sabuni kila siku.

Upande wa Mbeya sehemu hii ya hadithi ina damu nyingi zaidi. Mwaka 1996, mwaka uleule wa makala ya Pauletto, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya na Chuo Kikuu cha München walianza ushirikiano wa utafiti ambao leo ni kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Chachu yake ilikuwa UKIMWI. Barabara kuu ileile niliyoipita ilikuwa imeuleta. Madereva, wafanyabiashara wa Tunduma, vijana wa Makete waliokwenda kutafuta kazi. Katika miaka ile ngozi ndiyo iliyokuwa maabara ya mtu maskini: mkanda wa jeshi kwa kijana wa miaka 25, vipele vyeusi vya kuwasha visivyosikia dawa, fangasi za mdomoni, na kijiji kizima kinaelewa kabla ya kipimo.

Kuanzia 2006 watafiti wa Mbeya waliwafuatilia watu wapatao 18,000 katika maeneo tisa ya mkoa, wakiwatembelea kila mwaka na kuhifadhi damu. Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ilikuwa moja ya sehemu za mkoa zenye matende, ugonjwa wa minyoo myembamba inayoletwa na mbu na kukaa kwenye mishipa ya maji ya mwili hadi mguu unavimba na ngozi kuwa ngumu. Mwaka 2016, kwenye The Lancet tena, walionyesha kwamba mtu mwenye minyoo hiyo alikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kuambukizwa VVU kuliko asiye nayo. Mgonjwa wa matende mwenyewe, ambaye mguu umeshavimba, dawa ya minyoo haiurudishi. Anachofundishwa ni kuosha mguu kwa maji na sabuni kila siku, kukausha kati ya vidole na kutibu nyufa zinazopitisha bakteria, maana kila homa ya mguu huongeza uvimbe. Sabuni tena.

Kyela pia ni nchi ya mawese, mchele na kakao, na soko la usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, wa kukaanga na wa kukausha. Ukipanda kutoka hapo kwenda Tukuyu na Mbeya unapita katikati ya ndizi na chai ya Rungwe, na ukifika soko la Mwanjelwa unakuta dunia yote imekutana. Nilimuuliza mama mmoja usipa wake umetoka wapi.

"Wa Kyela huu, kaka. Ule mdogo wa Manda umekwisha asubuhi."

"Wanaununua akina nani zaidi?"

"Wenye presha. Daktari kawakataza nyama."

Alisema bila kuona ajabu yoyote, akaendelea kupima kwa kikombe. Pembeni yake madumu ya mafuta ya kupikia yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa kichwa, na mbele yake vijana walikuwa wakikaanga chipsi kwenye mafuta ambayo rangi yake ilishaonyesha umri. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima wa Tanzania wana presha ya kupanda na idadi kama hiyo wana lehemu iliyozidi. Mlima wa Lugarawa wa miaka ya 1990, na kama 16 wake katika kila 100, sasa unaonekana kama mahali palipokuwa na nafuu.

Na watoto? Taarifa ya kitaifa ya afya na idadi ya watu ya mwaka 2022 iliiweka Iringa juu ya mikoa yote kwa udumavu: karibu watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Njombe, ambayo ilikatwa kutoka Iringa mwaka 2012 ikaondoka na Ludewa, ina kama 50. Taifa zima ni 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage, na ni mkoa uleule ulioifundisha UNICEF namna ya kuuliza kwa nini. Uzito ulikuwa umepanda katika miaka ya 1980 kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupima mara kwa mara na kamati ya kuuliza. Fedha za Italia zilikuwa na mwisho. Mama anayetoka alfajiri kwenda shamba bado anatoka.

Usipa umerudi kwenye mazungumzo kwa sababu ya watoto hawa, si kwa sababu ya lipoprotini(a). Samaki mdogo anayeliwa na mifupa na kichwa hutoa protini, kalsiamu, chuma na zinki, na mafuta yaleyale ambayo Pauletto aliyakuta kwenye damu ya wazazi wa ziwani. Barabara ya zege ya Lusitu imebadilisha hesabu: gari linalotoka Manda jioni linaweza kufikisha samaki milimani wakiwa bado wana harufu ya ziwa, na MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, inashusha na kupakia kwenye bandari zilezile za MV Songea. Kwa upande mwingine, sukari, soda, biskuti na mafuta ya dumu vinashuka kwenda ufukweni kwa barabara hiyohiyo, na kwa uzito mkubwa zaidi kuliko samaki anayepanda.

Maabara ya 1996 imebomoka basi, na sioni haja ya kuililia; ilijengwa kwa kutengwa kwa watu. Utafiti ambao ningependa kuusoma sasa ungefanyika Lugarawa peke yake. Nusu ya kaya zipewe usipa wa kila siku kwa mwaka mmoja pamoja na sabuni, nusu nyingine zipewe sabuni na kusubiri mwaka wa pili. Mtoto apimwe urefu na ngozi, mama apimwe presha na damu, siku moja, kwenye chumba kimoja, kadi moja. Hospitali iko pale. Samaki wako upande wa pili wa mlima, na sasa kuna gari.